Klachi ya Mkono Haipandi Mlima

Kuna imani moja inayotawala steji za bodaboda kutoka Matulo hadi Kitale, na inatawala vilevile mazungumzo ya waendeshaji wa pikipiki kubwa wanaopita huku kwetu wakielekea Turkana: kwamba pikipiki isiyo na klachi ya mkono haifai safari ya kweli. Inafaa mjini, wanasema, penye lami na gereji kila kona. Inafaa kupeleka chakula Westlands na Kilimani. Lakini ukitaka kutoka Webuye upite Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, kisha uteremke Kamatira na kuikata nyika mpaka Lodwar, au ukitaka kupanda Kapsokwony na mzigo mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, lazima mkono wa kushoto uwe na klachi na mguu wa kushoto uwe na gia. Hayo husemwa kwa sauti ya mtu asiyetarajia kupingwa.

Mimi nayapinga. Na kwa kuwa ni watu ninaowaheshimu wanaoyasema, wenye miaka mingi kwenye usukani wa pikipiki, nitaanza kwa kuieleza hoja yao jinsi wao wenyewe wangeieleza.

Wanasema hivi. Barabara zetu hazitabiriki, na klachi ndiyo inayompa dereva uwezo wa kuipima nguvu inayofika kwenye tairi, chembe kwa chembe. Kwenye mlima mkali, mkono unaihisi injini kabla haijazimika. Kwenye mteremko, gia ndogo inaishikilia mashine isikimbie. Kwenye matope ya udongo mfinyanzi, klachi iliyoshikwa nusu ndiyo inayokutoa. Wanasema kompyuta ya pikipiki isiyo na klachi ikiharibika Kainuk, kwenye njia ya Lodwar, hakuna wa kuitengeneza, lakini waya wa klachi hubadilishwa chini ya mti kwa spana mbili. Wanasema mashine hizo zisizo na klachi ni ghali na nzito. Mwishoni wanasema, wengine wazi na wengine kwa mzunguko, kwamba anayeendesha bila klachi hajawa dereva.

Hiyo ndiyo hoja, na sijaipunguza. Sasa niichukue kipande kwa kipande.

1. Kinachopanda mlima

Mlima hupandwa na nguvu ya injini iliyozidishwa na gia. Gia ya kwanza huifanya injini izunguke mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi la nyuma, na uwezo wa kuvuta mzigo unatoka hapo. Klachi haizidishi chochote. Kazi yake ni kuunganisha injini na giaboksi, au kuzitenganisha. Ukiishika nusu, pleti zake zinateleza: nguvu ya kuzungusha inayopita ni ileile, na mwendo unaopotea katikati unageuka joto. Dereva anayepanda akiwa amening'inia kwenye klachi anachoma petroli ili apashe oili moto.

Na tunajua wote kinachotokea mlima unapozidi. Pikipiki inalia, inapunguza mwendo, na dereva anamgeukia abiria: "Mama, hebu shuka kidogo hapa, mashine ishike." Mama anashuka na kiondo chake, anapandisha kwa miguu pembeni ya barabara, na gunia la mahindi la kilo 90 linatangulia kwenye kiti alichokilipia. Mambo haya ni ya kila siku kwenye njia za Chwele, Kopsiro na Kapsokwony, na hutokea kwenye mashine zenye klachi ya mkono. Kama klachi ndiyo ingekuwa inapanda mlima, mama asingetembea.

Tazama pia kinachopita pembeni yake. Probox imejaa watu kuliko viti vyake, magunia yamefungwa juu na kuku wananing'inia nyuma, nayo inapanda. Probox nyingi za huku ni otomatiki. Zina pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki. Sijawahi kusikia mtu wa Bungoma akisema Probox ni gari la mjini. Shuka barabara kuu ya kwenda Malaba utakuta matrela yenye tani kadhaa kwa kadhaa, na miongoni mwake mengi ya kizazi kipya hayana pedali ya klachi. Volvo ilianza kuuza giaboksi yake ya I-Shift mwaka 2001, na Scania na Mercedes-Benz wana za kwao. Madereva wa matrela hayo hubeba mzigo wa watu wengine kutoka Mombasa mpaka Kampala na kurudi. Tukiamini kwamba chombo kisicho na klachi hakiwezi kupanda mlima na mzigo, lazima tueleze kwa nini tunayaona yakipanda.

Kuna mkanganyiko mwingine hapa. Watu huzungumza kana kwamba kuondoa mpini wa klachi ni kuondoa gia. Honda ilipotoa VFR1200F yenye giaboksi ya klachi mbili mwaka 2010, haikuondoa gia hata moja. Ndani mna gia sita za chuma zilezile. Klachi moja inashughulikia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine inashughulikia ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa kwenye gia ya pili, ya tatu imeshaandaliwa inasubiri, ndiyo maana kubadilisha hakukatizi mvuto wa tairi. Mfumo huo uliwekwa kwenye Africa Twin ilipofufuliwa mwaka 2016, na mwaka 2018 Gold Wing ikapewa wa gia saba. BMW ilifuata mwaka 2024 kwa R 1300 GS inayobadilisha gia kwa mota ndogo za umeme, na Yamaha mwaka huohuo kwa MT-09. Katika zote, dereva akitaka kuchagua gia mwenyewe anaichagua. Kwenye Africa Twin, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinapandisha gia, kidole gumba kinashusha. Uamuzi umebaki kwa mtu. Kilichoondoka ni kazi ya kukamua mpini.

Pikipiki ya umeme ni habari nyingine, kwa sababu yenyewe kwa kawaida haina giaboksi ya kubadilisha. Lakini kwenye mlima ndiko inakoonyesha ubora wake: mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha tangu tairi likiwa limesimama. Injini ya petroli haiwezi hilo. Ikishuka chini ya mzunguko fulani inazimika, na hapo ndipo klachi ilipopatia kazi. Klachi iliwekwa kufunika udhaifu wa injini ya petroli. Tumeugeuza ufunikaji huo kuwa sifa.

2. Mteremko, na gia inayotolewa

Hoja ya mteremko ingekuwa na uzito kama wanaoisema wangeitenda.

Kutoka Kitale, iliyo kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hadi Lodwar, iliyo kama mita 500, barabara inashuka kiasi cha mita 1,400 katika mwendo wa karibu kilomita 300. Sehemu iliyo kali zaidi ni ile ya Kamatira, ukishapita Kapenguria kuelekea Marich, mahali ambapo malori yameua watu miaka na miaka kwa breki zilizochoka. Hapo, kweli kabisa, unataka injini iishikilie mashine. Unataka gia ndogo, mafuta yamefungwa, na breki zipumzike.

Sasa simama mahali popote penye mteremko mrefu huku kwetu uangalie bodaboda zinavyoshuka. Nyingi zinashuka kwa fri. Dereva anabana klachi, anatoa gia, wengine wanazima kabisa injini, na pikipiki yenye watu watatu inateremka kwa uzito wake peke yake. Sababu wanayoitoa ni petroli. Kiasi kinachookolewa ni cha vijiko, na gharama yake ni kwamba kazi yote ya kupunguza mwendo inaachiwa breki, ambazo kwenye pikipiki nyingi za kazi ni za dramu. Dramu ikipata moto, viatu vya breki hupoteza mshiko. Unabana, na hakuna kinachotokea kama kilivyotokea dakika mbili kabla.

Basi tuulizane: ule udhibiti unaosifiwa kwamba klachi ya mkono inatupa, unatumika kufanya nini? Unatumika kuikata injini kwenye tairi mahali ambapo tairi linaihitaji injini zaidi. Mashine ya klachi mbili haikuruhusu kirahisi kosa hilo. Inabaki ndani ya gia, injini inashika, na ukitaka ishike zaidi unabonyeza gumba. Pikipiki nyingi za umeme hufanya kazi ya namna yake: ukiachia mafuta, mota inageuka kuwa jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha chaji kidogo kwenye betri. Mifumo hii imefunga mlango ambao klachi ya mkono inauacha wazi, na mlango huo umewazika watu wengi.

3. Matope

Hapa wanaonipinga wamesimama mahali pazuri kuliko pote, nami sitapita haraka.

Njia za mashambani kati ya Matulo na Bokoli, mwezi wa Aprili, zinateleza kama sabuni. Mwendo unaofaa ni wa mtu anayetembea. Injini kwenye gia ya kwanza ina haraka kuliko mwendo huo, kwa hiyo dereva wa klachi ya mkono anaishika nusu, anaachia kidogo, anabana tena. Wanaouliza mashine isiyo na mpini itafanya nini hapo wanauliza swali la haki.

Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba kompyuta ya giaboksi ya klachi mbili nayo huteleza klachi katika mwendo wa chini. Ndiyo inavyoondoka mahali bila kuzimika. Dereva anaongoza kwa mafuta kidogo na breki ya nyuma kwa mguu, vyote kwa pamoja, na pikipiki inatambaa. Africa Twin ya klachi mbili ina hata swichi ya kuifanya klachi ishike moja kwa moja zaidi kwa ajili ya njia za vumbi, na mpangilio wa changarawe. Ni mbinu inayojifunzwa, kama ile ya mpini ilivyojifunzwa. Tofauti ni kwamba mikono yote miwili inabaki imeshika usukani, na kwenye utelezi usukani ndio unaokuokoa.

Ya pili ni gharama ambayo hakuna anayeitaja anaposifu klachi iliyoshikwa nusu. Twende kwa fundi. Amelaza pikipiki ya Boxer ubavu, amefungua kifuniko cha upande wa kulia, na oili inayotoka ni nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua. Anazitoa pleti moja moja na kuzipanga kwenye gazeti. Zile zenye bitana zilipaswa kuwa na vipande vilivyoinuka. Sasa ni laini, na mahali pengine chuma kimeanza kuonekana. Zile za chuma kitupu zimepata rangi ya samawati, alama ya joto. Anapitisha kidole, anatikisa kichwa, anaandika orodha ya spea. Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea ndani ya oili ileile inayolainisha gia na pistoni. Kwa hiyo ule unga uliosagika kwenye pleti haukubaki kwenye klachi. Umezunguka injini nzima wiki nyingi, na oili iliyopikwa na joto lile imeendelea kuitwa oili.

Hiyo ndiyo bei ya kutoka matopeni kwa ustadi. Inalipwa kwa pleti, kwa waya wa klachi unaokatika nyuzi moja moja pale unapoingia kwenye mpini, kwa oili inayopaswa kumwagwa mapema, na kwa siku nzima ambayo pikipiki imelala gereji wakati mkopo wake haulali. Dereva wa bodaboda anaijua bei hiyo vizuri kuliko mimi. Lakini hajafundishwa kuihesabu kama bei ya klachi. Anaihesabu kama bahati mbaya, au kama ubovu wa spea za siku hizi.

4. "Ukikwama Kainuk"

Hii ndiyo hoja ya wenye pikipiki kubwa. Umbali kutoka Ortum kupita Marich na Kainuk hadi Lokichar hauna gereji yenye kompyuta, na hilo ni kweli. Kutokana na ukweli huo wanahitimisha kwamba mashine ya klachi ya mkono ni salama zaidi, na hapo ndipo hesabu inapokatika.

Pikipiki kubwa ya safari ya leo yenye klachi ya mkono ina kompyuta sawa na ndugu yake asiye na mpini. Africa Twin tangu modeli ya 2018, ya klachi ya mkono au ya klachi mbili, haina waya wa mafuta unaokwenda mpaka injini. Ukizungusha mkono wa kulia, kihisi kinaipa kompyuta ombi, na kompyuta ndiyo inayoamua kufungua kiasi gani. Pampu ya petroli ni ya umeme. Sindano za petroli ni za umeme. Mfumo wa kuzuia breki zisifunge tairi ni wa umeme. Betri ikifa kabisa Kainuk, kusukuma pikipiki ya kilo zaidi ya 220 juani ili iwake kwa klachi kutakuchosha bure, kwa sababu pampu haina umeme wa kuamka na kompyuta haina umeme wa kufikiri. Anayeogopa vihisi vya giaboksi huku akiamini vihisi vya mafuta, vya breki na vya petroli amechagua kuogopa kitu kimoja katika orodha ndefu, na amekichagua kwa sababu ni kigeni kwake.

Nakubali kwamba kwa bodaboda ya kabureta hali ni tofauti. Ile inasukumwa na inawaka. Lakini ile ina kiki. Inawaka kwa mguu bila kusukumwa, na uwezo huo haumo ndani ya klachi.

Nami nauliza ni nini hasa huharibika njiani. Tairi hupasuka. Cheni hukatika. Bolti za kubeba mizigo hulegea kwenye mitikisiko ya barabara mbovu. Waya wa klachi hukatika, na ndiyo maana msafiri makini wa klachi ya mkono hubeba mwingine umelazwa kando ya ule wa kwanza. Tunabeba spea ya kifaa kwa sababu tunajua kitaharibika, kisha tunakiita kifaa cha kutegemewa.

Sambamba na hoja hii huletwa nyingine isiyo na uhusiano nayo. Mtu akiulizwa kuhusu pikipiki isiyo na klachi, anajibu kuhusu betri ya umeme: haifiki mbali, na vituo vya kuibadilisha vimeanza katika miji mikubwa. Umbali wa betri ni tatizo la kweli, na mimi mwenyewe nisingeianza safari ya Lodwar na pikipiki ya umeme bila kujua nitachaji wapi. Lakini hilo ni tatizo la betri. Kulitumia kuihukumu klachi ni kumfunga jirani kwa kosa la jirani yake.

5. Mkono wa kushoto wa nani

Mwaka 1958 kampuni ya Honda ilitoa Super Cub. Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walitaka pikipiki ambayo mpeleka tambi wa Japani angeiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba trei. Kwa hiyo wakaipa klachi inayojifunga yenyewe kwa mzunguko wa injini. Gia zilikuwepo, zikibadilishwa kwa mguu, lakini mpini wa klachi haukuwepo. Kufikia mwaka 2017 familia hiyo ya pikipiki ilikuwa imepita uniti milioni 100, na hakuna chombo kingine cha injini kilichotengenezwa kwa wingi huo. Ndugu zake, C50, C70 na C90, pamoja na Yamaha Mate iliyoiga mtindo wake, zilitembea mashambani mwa Afrika Mashariki kabla ya wengi wa madereva wa leo kuzaliwa. Zilipita njia hizihizi, njia zenyewe zikiwa mbovu kuliko zilivyo sasa.

Kwa hiyo anayesema klachi ya mkono ndiyo asili yetu amesahau ya juzi. Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli, hapa karibu, kwenye mpaka wa Busia na Malaba miaka ya 1960. Pikipiki za klachi zilimiminika baada ya serikali kusamehe kodi pikipiki za chini ya sisi 250 mwaka 2008. Desturi tunayoilinda kwa ukali hivi haijafikisha umri wa mtu mzima mwenye watoto wawili. Hata kwenye pikipiki za safari, Moto Guzzi ilikuwa ikiuza V1000 Convert isiyohitaji kubadilishwa gia mwaka 1975, na Yamaha iliondoa mpini wa klachi kwenye toleo moja la FJR1300 mwaka 2006.

Lakini historia si jambo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni nani anayefungiwa nje. Nenda kwenye steji yoyote kati ya Webuye na Kitale uhesabu wanawake walio kazini kwenye pikipiki. Sababu ni nyingi, na klachi si kubwa kuliko zote, lakini ndiyo inayotajwa mbele ya msichana siku ya kwanza anapotaka kujifunza. Mpini mgumu wa pikipiki ya kazi, ulioingiwa na vumbi ndani ya waya wake, unakamuliwa mara nyingi kwa siku. Kiganja kidogo kinachoka, pikipiki inazimika mlimani na abiria nyuma, inarudi kinyumenyume, inaanguka. Siku hiyohiyo anaambiwa kazi hii si yake. Mtu aliyepoteza vidole vya kushoto kwenye mashine ya kukata miwa anaambiwa hivyohivyo. Mzee mwenye baridi yabisi, aliyefanya kazi hii tangu ujana, anaiacha mapema kwa sababu ya kiganja wakati macho na akili bado viko sawa. Tumeweka mtihani wa nguvu ya kiganja mlangoni pa riziki, na tukauita ustadi.

Kuhusu ustadi nitasema machache. Kijana anayefundishwa na mwenzake uwanjani hutumia karibu muda wote akijifunza kuachia klachi bila kuzima injini. Akiweza hilo, anaambiwa ameiva na kesho anabeba abiria. Kubana breki ya mbele na ya nyuma kwa uwiano, kuangalia mbali kwenye kona, kujua lori litakunyima nafasi wapi, kushuka mlima kwa gia: hayo hayakupata muda. Klachi iliula. Ningependa muda ule urudishwe kwenye breki.

6. Bei, uzito na fundi

Africa Twin ya klachi mbili ni nzito kuliko ya klachi ya mkono kwa kilo zipatazo 10, na bei yake imezidi kwa mamia ya dola. Sitayaficha hayo. Lakini waendeshaji wanaolalamikia kilo 10 ndio wanaofunga masanduku matatu ya alumini, jiko, hema na galoni ya akiba. Petroli ya lita 20 peke yake ina uzito wa kama kilo 15. Na anayepima bei apime pia pleti, waya na oili kwa maisha yote ya pikipiki, kwa sababu hizo nazo zinatoka mfuko uleule.

Kuna kasoro ndogo ambayo wapinzani wangu hawaitaji, nami naitaja kwa kuwa ni ya kweli: pikipiki ya klachi mbili ikizimwa haibaki ndani ya gia, kwa hiyo kwenye mteremko lazima uifunge kwa breki yake ya kuegesha. Asiyejua atakuja kuikuta imelala.

Limebaki suala la fundi, ambalo ndilo kimbilio la mwisho la hoja yote. Hakuna fundi huku wa vitu hivyo, wanasema. Lakini mafundi wa Webuye, Bungoma na Kitale wanafungua giaboksi za otomatiki za Probox na Noah kila wiki. Wana vifaa vya kuchomeka chini ya dashibodi na kusoma kosa liko wapi, wengine wanasoma kwenye simu. Walijifunza kwa sababu magari yalikuja kwanza na wateja wakafuata. Hakuna aliyesubiri fundi apatikane ndipo aagize Probox. Vyuo vya ufundi viko karibu pia: Kitale, Sang'alo, Kisiwa, Matili. Mwanafunzi anayefundishwa kupima kihisi na kusoma mchoro wa nyaya za gari hahitaji mwaka mwingine ili aielewe pikipiki. Anahitaji pikipiki moja mezani na mwalimu asiyemwambia kwamba hicho ni kitu cha mjini.

Kwa hiyo mwenyekiti wa steji anayemkataza kijana kuchukua mkopo wa mashine isiyo na klachi ana jambo moja la kufanya kabla ya kumkataza. Aweke mezani daftari la matengenezo la pikipiki yake ya klachi kwa mwaka mmoja: pleti ngapi, nyaya ngapi, oili mara ngapi, siku ngapi gereji, abiria wangapi walioshuka mlimani. Kijana naye alete hesabu ya mashine anayoitaka, pamoja na umbali, bei na mahali pa kuitengenezea. Wakae chini wazilinganishe, safu kwa safu.